Usinunue hiyo supachaja kabla hujakimbia usiku kumi

Simama hapo hapo, mkuu. Usimtumie huyo jamaa hata senti moja.

Umeandika una dola 6,000, una Mustang GT ya 2002 ambayo haijaguswa, na kuna fundi "anayejua sana" amekwambia uingie kwenye mbio za dragi, zile za magari mawili kwenye njia iliyonyooka, kwa kufunga supachaja (pampu ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya mtumba ya dola 3,500, halafu mengine yatajipa. Niliposoma hapo tumbo likanikata. Hayo mengine hayajipi, mkuu. Hayo mengine ndiyo yanakula hela.

Mimi nilikuwa na GT ya 2001, injini ile ile yako, lita 4.6 ya vali mbili kila silinda, nguvu ya farasi 260 kutoka kiwandani. Nipo Dallas. Oktoba moja rafiki yangu alinipeleka Ennis, pale uwanja wa dragi wa Texas Motorplex, kuangalia mashindano ya FallNationals. Kama hujawahi kusimama karibu na uzio Top Fuel mbili, yale magari ya dragi yenye kasi kuliko yote, zikiondoka, kila moja na farasi zaidi ya 11,000, siwezi kukueleza. Kifua kinapigwa kwa ndani kama ngoma. Nilirudi nyumbani sitaki kitu kingine duniani ila nguvu.

Jumatatu nikaingia gereji. Sitaitaja jina. Mwenyewe hakuniuliza kama nimewahi kukimbia hata mara moja. Hakuniuliza nina helmeti, wala nimeshaona sheria za uwanja. Aliniuliza, "Unataka farasi ngapi?" utafikiri muuza mishikaki anauliza unataka mingapi. Yule ana mdomo wa kumuuzia samaki maji.

Sasa tazama hesabu, maana ndiyo hiyo hiyo unayotaka kuifuata. Supachaja 3,200. Injekta kubwa na pampu ya mafuta 640. Kufunga 1,500. Kutyuni, yaani kupanga upya mafuta na moto wa injini, kwenye dayno (mashine ya kupima nguvu ya gari) 550. Jumla dola 5,890, na mimi nilikuwa nimejiwekea 6,500. Iliyobaki nikanunua matairi ya sliki, yale laini ya mbio yasiyo na kashata, yaliyotumika, 380. Nikabaki na hela ya mafuta na chipsi.

Usiku wa kwanza uwanjani sikukimbia kabisa. Foleni ya ukaguzi ilinishinda. Sheria za NHRA, chama kinachosimamia mbio za dragi Marekani, ziko wazi na zinapatikana kwa yeyote anayetaka kusoma: gari linalokimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo, dereva avae helmeti iliyothibitishwa. Na kama gari hilo limevaa sliki, lazima liwe na pete ya chuma ya kuishika propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, ikikatika isije ikachimba lami na kulipindua gari. Mimi pete sikuwa nayo, na helmeti ya kuazima ilikuwa na stika ya Snell, ile ya kuthibitisha usalama wa helmeti, iliyopitwa na wakati. Mkaguzi, mzee mmoja mpole, akanigusa bega akasema rudi wiki nyingine. Pembeni yangu kijana na Camry ya mama yake amepita bila tatizo. Amekimbia mara sita usiku ule. Mimi nimekaa juu ya farasi wangu wote nikimwangalia.

Pete na helmeti nikatoa 420. Usiku wa pili nikakimbia mara tano, bora yao sekunde 13.1. Kwa nguvu niliyokuwa nayo, hiyo ni aibu. Tiketi ya muda, karatasi unayopewa baada ya kila mbio, ilikuwa inasema kila kitu, ila sikuwa na mtu wa kunisomea: futi 60 za mwanzo nilikuwa nachukua sekunde 2.3. Yaani tairi zinazunguka bure pale mstarini. Nilikuwa sijui kupasha tairi moto, sijui niweke upepo kiasi gani, sijui niachie klachi wapi. Hakuna kati ya hayo kinachouzwa dukani.

Nikarudi kwa yule yule. Nikamwonyesha tiketi. Mtu mkweli angeniambia, "Ndugu yangu, gari halina tatizo, nenda kajifunze kuondoka." Yeye akaniambia tufunge puli ndogo zaidi, supachaja izunguke haraka, hewa inayoingia kwenye injini iongezeke. Dola 120 tu. Nikamuuliza, hatuhitaji kurudi kwenye dayno kutyuni upya? Akasema tyuni ile ile itabeba.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, na sitaki mtu aje kunitetea fundi huyo. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, injini inakimbia ikiwa na njaa ya mafuta, joto linapanda, mlipuko unakuja kabla ya wakati wake. Na konrodi za 4.6 hizi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ni za unga wa chuma ulioshindiliwa. Wanaozijua wote wanakwambia nguvu inayofika kwenye tairi ikikaribia farasi 400 unazihatarisha. Yeye anafungua hizi injini kila wiki. Alijua.

Usiku wa tatu, mbio ya nne, karibu nifike mwisho, nikasikia mlio kama nyundo imerushwa kwenye sufuria. Konrodi ilitoka kupitia ubavu wa bloku ya injini. Oili yote kwenye njia, nusu yake chini ya tairi zangu za nyuma. Namshukuru Mungu gari lilibaki limenyooka. Uwanja mzima ukasimama dakika arobaini na kitu watu wakimwaga unga wa kunyonya oili na kusugua, na watu wazima waliotoka kazini na watoto wao wamekaa wanasubiri. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Kulivuta gari 220, injini ya mtumba 1,400, kuifunga 1,300, gasketi na vikorokoro 350. Jumlisha na yale ya mwanzo: dola 10,080. Kwa mbio tisa. Piga mwenyewe: dola 1,120 kwa kila mbio, na kila moja ni sekunde kumi na tatu hivi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke. LIPIA USIKU KUMI KWANZA. Kabla ya bolti yoyote. Mama yangu alikuwa anafuata mzigo Kariakoo, na kabla hajatoka nyumbani alikuwa anafunga nauli ya kurudi kwenye pindo la khanga. Hata akute bei nzuri namna gani, pindo halifunguliwi. Fanya hivyo hivyo. Mimi sasa kila usiku wa mazoezi naondoka na dola 80 hadi 90: kiingilio kwenye viwanja ninavyokwenda ni kati ya 25 na 40, mafuta ya kwenda, kukimbia na kurudi, na chakula. Kwa hiyo toa 900 kwenye hizo 6,000 zako, ziweke pembeni, mke wako azishike kama huwezi kujizuia. Ongeza helmeti mpya yenye stika ya sasa. Badilisha oili, kagua breki, hakikisha rejeta ina chupa ya kupokea maji yanayofurika, na betri imefungwa isitikisike. Basi. Nenda na matairi yako ya barabarani. Na ukiwa nayo, lile dimbwi la maji la kupashia tairi lizunguke, usipite ndani, maana mifereji ya tairi za barabarani inabeba maji mpaka mstarini na wanaokuja nyuma yako watateleza.

GT yako kama ilivyo itakimbia sekunde 14 na kitu, labda 15 mwanzoni. Najua unachofikiria: na hizo 15 nitamshinda nani? Utawashinda wengi, na hili ndilo ambalo yule jamaa wako hatakwambia kamwe kwa sababu halina kamisheni. Kwenye mbio za brakiti unaandika kwenye kioo muda unaotarajia kukimbia. Ukiandika 15.20 na mwenzako ameandika 12.70, taa zako za kuondokea zinawaka sekunde mbili na nusu kabla ya zake. Ukiondoka kabla ya taa ya kijani, umeshindwa. Ukikimbia haraka kuliko ulichoandika na mwenzako hakuvunja wake, umeshindwa. Anayeshinda ni yule anayewahi taa na kurudia muda ule ule kama saa ya ukutani. Nimemwona mama mmoja na pikapu ya kazi akiwatoa vijana wenye magari ya dola 40,000, raundi baada ya raundi, huku amevaa sare ya hospitali. Yeye ana tiketi za miaka minane kwenye daftari. Analijua gari lake kwenye joto, kwenye baridi, na likiwa na nusu tangi.

Uliuliza pia habari ya leseni: kwa muda wako leseni ya kawaida ya udereva inatosha, ile ya mashindano inaanza kudaiwa ukishuka chini ya sekunde 10. Na ukifika 11.49 utadaiwa fremu ya chuma ya kulinda kichwa gari likipinduka, ambayo ni hela nyingine tena, na hiyo supachaja inakusukuma huko huko. Soma na bima yako. Yangu imeandika wazi haigusi chochote kinachotokea kwenye mashindano ya mwendo, na ile injini nililipa kwa mkono wangu.

Mtumie ujumbe huyo jamaa leo, mwambie umeghairi. Kama umeshampa amana, mwachie, ni rahisi kuliko bloku. Halafu Ijumaa nenda ukakimbie, uje uweke tiketi yako hapa hata kama ni mbaya. Nitaanza kuisoma kwenye futi 60.