Kasinojeni si jina la ugonjwa

Dada, umeuliza kama "kasinojeni" ni saratani yenyewe, na kama smokie, ile soseji inayouzwa pale steji, ni sawa na sigara. La, kwa yote mawili. Kasinojeni ni kitu kinachoweza kusababisha saratani: moshi wa tumbaku, vumbi la asbesto, aflatoksini, ile sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Uvimbe hauitwi kasinojeni, moshi ndio. Kuhusu smokie, ni kweli mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindikwa, smokie ikiwemo, katika Kundi la 1, pamoja na tumbaku. Ila kundi hilo hupima uhakika wa ushahidi kwamba kitu husababisha saratani, si ukubwa wa hatari. Mimi bado naila, imepasuliwa na kujazwa kachumbari, lakini si kila jioni. Mahindi ya ukungu ndiyo ningetupa leo leo.