Mianzi ya miiba: unga huu unatoka wapi?

SWALI: Nina vichaka vitatu vya mianzi ya miiba ya Kihindi, nilivyovipanda viwe ua. Chini hapapitiki, kwa hiyo hukata kwa kimo cha kifua. Nguzo za banda la kuku hazijatimiza mwaka na tayari zinadondosha unga laini. Kosa liko wapi? Na je, machipukizi yake yanaliwa? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Unga huo ni kazi ya bungua, mdudu mdogo anayetoboa mwanzi akifuata wanga. Inaelekea ulikata mianzi michanga, tena hukuiweka dawa.

Mwanzi huu (Bambusa bambos) hufaa kujengea ukifika miaka 3 au 4. Kabla ya hapo umejaa maji, na ukikauka hunywea na kupasuka. Ili usibahatishe umri, kila mwaka paka alama ya rangi kwenye mashina mapya, rangi moja kwa mwaka mmoja.

Kukata kifuani ni hasara kubwa: pingili nene na imara kuliko zote ndizo unazoziacha zioze. Visiki hivyo hukusanya maji na kuzuia machipukizi. Kiangazi, vaa buti ngumu na glavu za ngozi, pogoa matawi ya miiba kuanzia chini hadi mita 2, uyavute kwa ndoano. Kisha fungua njia upande mmoja tu, kama kiatu cha farasi, uingie katikati waliko wazee. Wachanga huota pembezoni. Kata juu kidogo ya kifundo cha kwanza kutoka ardhini, pasibaki kikombe cha kutuamisha maji.

Dawa: toboa vifundo kwa ndani kwa nondo ndefu. Kwa lita 100 za maji, koroga kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki. Zamisha mianzi siku 7 hadi 10, uikandamize kwa mawe, kisha ikaushe kivulini ikiwa imesimama. Dawa hii huoshwa na mvua, hivyo nguzo isichimbiwe ardhini: isimamishe juu ya jiwe au zege, chini ya paa. Maji yaliyobaki yasifike kisimani wala kwa kuku.

Machipukizi yanaliwa, ila kamwe si mabichi, maana yana sumu inayotoa sianidi. Kata likiwa na sentimita 30 hivi, menya hadi nyama nyeupe, katakata vipande vyembamba, chemsha dakika 30 bila mfuniko, mwaga maji, rudia kwa maji mapya. Likiwa bado chungu, chemsha tena. Vipande vinene ndivyo huwaponza wengi, kwa kuwa katikati sumu haitoki.

Hukuuliza, lakini ua wako unahusika. Mianzi hii huchanua mara moja baada ya miongo kadhaa, huzaa mbegu kama mpunga (kule Kerala, India, hupikwa kama wali), kisha kichaka kizima hufa. Vichaka vyako vikiwa vya mama mmoja, vitakwenda pamoja. Ukiona maua, kusanya mbegu na uzipande mapema, kwani baada ya miezi michache nyingi hazioti.