Je, ni dhambi kuwalaani viongozi na kuapa kutopiga kura?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Likoni. Nimesomea ualimu, cheti kiko kabatini mwaka wa tatu sasa. Mamangu anauza mahamri na viazi karai karibu na feri. Bima mpya ya afya anaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, naye pesa ya mwaka mzima hajawahi kuishika mkononi siku moja. Juni 2024 niliandamana kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Rafiki yangu aliyekuwa Nairobi alipigwa risasi ya mguu, hadi leo anachechemea. Haukupita muda, waliokuwa wakitukanana majukwaani wakaketi meza moja ya serikali. Nimechoka, Sheikh. Kwenye sijida nawalaani mmoja mmoja kwa jina. Nimeapa wallahi 2027 sipigi kura. Na msikiti wetu nimeuhama tangu kamati ilipompa mheshimiwa kipaza sauti baada ya Ijumaa, akaacha bahasha. Mjomba anasema nina dhambi kwa yote haya, kwa kuwa Qur'ani imetuamrisha kuwatii wenye madaraka. Ni kweli?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Hapo penye bahasha pamenichoma, na sababu nitakwambia mbele. Kwanza mjomba.

Mjomba amesoma aya ya kweli, ila ameanzia katikati. Aya ya 59 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kumtii Mwenyezi Mungu, na Mtume, na wenye madaraka katika sisi. Lakini aya ya 58, iliyo juu yake, inaanza na hao wenye madaraka wenyewe: "Hakika Mwenyezi Mungu anakuamrisheni mzirudishe amana kwa wenyewe. Na mnapo hukumu baina ya watu mhukumu kwa uadilifu." Wafasiri wanaihusisha na ufunguo wa Al-Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) aliuchukua ufunguo kwa Uthman bin Talha, jamaa zake mwenyewe wakautamani, naye akamrudishia Uthman. Mpaka leo unashikwa na ukoo huo huo wa Banu Shayba. Mtu ameingia mji na jeshi la watu elfu kumi, hakuna wa kumuuliza, na ufunguo wa mlango anaurudisha kwa mwenyewe! Kwetu mtu akikabidhiwa ufunguo wa stoo ya dawa, mwezi haujaisha shemeji yake amefungua famasi.

Kisha mwambie mjomba aimalizie hiyo 59. Inaendelea: mkikhitalifiana katika jambo, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Angalia vizuri. Aya yenyewe ya utiifu imekubali kwamba raia na mtawala wanaweza kutofautiana, na ikaweka mizani juu ya vichwa vya wote wawili. Haikusema mkitofautiana basi nyinyi nyamazeni.

Yumkini atakuletea hadithi ya Hudhayfa iliyomo katika Sahih Muslim, usikie na utii hata ukipigwa mgongoni na mali yako ikachukuliwa. Hadithi ipo, siikimbii. Lakini wanazuoni walioishikilia walikuwa wakizuia upanga, kwa kuwa walishaona Waislamu wakichinjana na damu haikuleta uadilifu. Wewe ulitoka na chupa ya maji na simu. Nchi hii ina Katiba tuliyoipitisha sote mwaka 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na kifungu cha 73 kinasema mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya umma. Neno ni lile lile la aya ya 58. Rais na wabunge wameapa kuilinda Katiba hiyo, wengine wakiwa wameshika msahafu. Na Qur'ani inasema, "Enyi mlio amini! Timizeni ahadi." Kwa hivyo anayeandamana kwa amani anamkumbusha mwenzake ahadi aliyoiapia mwenyewe, na huko si kutoka katika utiifu. Wapo masheikh wenzangu, wengine wamenizidi elimu, wanaoharamisha maandamano yote. Wana hoja zao na nawaheshimu. Katika hili siwafuati.

Sharti ni moja: mikono iwe safi. Mwenye duka la simu aliyevunjiwa mlango hakupitisha mswada wowote. Tarehe 25 Juni 2024 waliopiga kura ya ndiyo walikuwa wabunge 195, na 106 wakakataa. Kesho yake Rais akasema hatautia saini. Mswada ulianguka. Lakini kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu maiti 39. Kila mmoja wao alikuwa na mama yake, na damu hizo zina mwenye kuziulizia, hata kama hapa duniani majalada yatalala kwenye droo.

Sasa laana zako. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Hiyo unaijua, imeandikwa hadi nyuma ya matatu. Ila watu wengi hawajui iliambiwa nani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiagana na Mu'adh bin Jabal anayekwenda Yemen, na katika kazi alizompa ni kuchukua zaka kwa matajiri na kuwarudishia maskini wao. Akamwambia ajiepushe na mali zao zilizo bora, kisha akamwambia: iogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Yaani mkanyo ule aliambiwa mkusanyaji. Natamani ungetundikwa katika kila ofisi inayokisia kodi ya mkate, maana kwenye mswada ule mkate nao ulikuwa umepangiwa asilimia 16 kabla ya kelele zenu kuuondoa.

Kwa hivyo una haki ya kulalamika kwa Mola wako, tena kwa uchungu. Suratun Nisaa, aya ya 148, inasema Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe kwa maneno, ila kwa aliyedhulumiwa. Linalonitia wasiwasi ni hiyo laana ya mmoja mmoja kwa jina. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaombea mabaya watu kwa majina: Safwan bin Umayya, Suhayl bin Amr na Harith bin Hisham. Wanaume hao walimpiga vita. Ikateremka aya ya 128 ya Aal Imran: wewe huna lako jambo katika haya, ama Mola atawapokelea toba au atawaadhibu. Na wote watatu baadaye walisilimu. Sasa ikiwa Mtume mwenyewe aliambiwa hivyo, mimi na wewe tutamfungia nani mlango?

Nakupa dua iliyo kali kuliko hizo zako, na haina jina la mtu. Mtu mmoja kutoka Misri alimwendea Bibi Aisha (r.a.). Bibi Aisha akamuuliza, kiongozi wenu amekuwaje nanyi? Yule mtu akajibu, hatuna la kumlaumu, mtu akifiwa na ngamia humpa ngamia, akihitaji matumizi humpa. Kiongozi yule ni katika watu waliohusika na kuuawa kwa ndugu yake Aisha, Muhammad bin Abi Bakr. Bibi Aisha akasema: aliyomfanyia ndugu yangu hayanizuii kukueleza niliyoyasikia kwa Mtume ndani ya nyumba yangu hii. "Ewe Mola, atakayetawala jambo lolote la umma wangu akawatia mashakani, mtie mashakani, na atakayetawala jambo lolote la umma wangu akawafanyia upole, mfanyie upole." Imo katika Sahih Muslim. Isome kwenye sijida. Atakayestahili nusu ya kwanza itamfika bila wewe kumtaja, na atakayestahili ya pili hutakuwa umemdhulumu. Nami huwa nakaa sana na subira ya mama yule: ndugu yake ameuawa, na bado anapima maneno.

Ama msikiti. Hapa niseme langu.

Kabla ya uchaguzi wa 2022, msikiti ninaoswalisha ulitembelewa na mgombea. Simtaji, wala msikiti siutaji. Alikuja na kanzu mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana mgongoni, na kofia imekaa kama imeazimwa. Wiki moja kabla tulikuwa tumeletewa zulia jipya la kijani, na kamati ilijua limetoka wapi. Nami nilijua. Baada ya swala alisimama mbele ya mihrabu akazungumza dakika ishirini, kisha mwenyekiti akaniambia, "Sheikh, mtilie dua." Nikanyanyua mikono. Watu wakaitikia amin. Nilipotoka nikawakuta vijana wa rika lako kwenye kivuli cha mwarobaini wakigawiwa mia mbili mbili, na mmoja akanitazama usoni, akacheka. Si kicheko cha dharau. Alinichekea kama mwenzake.

Hadithi ya Ibn al-Lutbiyya nimeifundisha miaka mingi. Alitumwa kukusanya sadaka, akarudi akasema, hizi zenu na hizi nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akauliza: kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake tuone kama ataletewa zawadi? Siku ile sikujiuliza kama mheshimiwa angetuletea zulia mwaka usio na kura. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru pesa alizotoa Rais katika kanisa moja zirudishwe. Nilisikia habari ile redioni nikaona haya, kwamba jirani ametangulia mahali ambapo sisi tulikuwa na hadithi mkononi.

Zulia bado lipo. Limeanza kuchakaa upande wa milango. Ila kwenye kamati tumeandika sasa: hakuna mgombea atakayeshika kipaza sauti, na mchango wa mwanasiasa unaingia kwenye sanduku kama wa mtu yeyote, bila jina. Hilo halikupita kirahisi. Walionisukuma ni vijana watatu waliobaki. Wangehama kama wewe, ningebaki na mwenyekiti na zulia lake. Swala yako nyuma ya imamu aliyekosea ni sahihi. Ibn Umar, sahaba wa Mtume, aliswali nyuma ya gavana dhalimu Hajjaj, na hakuna mheshimiwa wa Kenya aliyefikia umwagaji damu wa Hajjaj. Ukiona roho haikubali, swali unapopapenda. Lakini siku ya mkutano wa kamati uwepo, na useme mbele yao maneno uliyoniandikia mimi.

Kuhusu kura, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaifananisha na shahada, yaani unashuhudia kwamba fulani anafaa kushika amana. Na Suratul Baqara, aya ya 283, inasema msifiche ushahidi, na mwenye kuuficha moyo wake umeingia dhambini. Sithubutu kukwambia kwamba kila asiyepiga kura ametenda haramu. Mtu akitazama wagombea wote akaona kwa dhati hakuna hata mmoja wa kumshuhudia, hiyo ni baina yake na Mola wake. Ila kususa kwa hasira ni kitu kingine. Aliyegawa mia mbili chini ya mwarobaini hana hasara wewe ukilala nyumbani siku hiyo. Amepunguziwa gharama.

Na hao waliopokea wasijitoe. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim wametajwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyempa kiongozi bay'a, yaani ahadi ya utiifu, kwa ajili ya dunia tu, akipewa anatimiza, asipopewa hatimizi. Ukiisoma hadithi hiyo barazani utaona watu wakitazama viatu. Tunawasema wabunge walafi, na sisi wenyewe tulijiuza kwao kwa bei ya sahani ya pilau.

Halafu kura ni siku moja katika miaka mitano. Kila mwaka, baada ya makadirio ya bajeti ya kaunti kupelekwa kwenye bunge la kaunti mwisho wa Aprili, wananchi huitwa watoe maoni. Nilikwenda mara moja. Ukumbi ulikuwa na viti mia hivi, watu hawakufika thelathini, na nusu yao walikuja kwa soda. Mzee mmoja aliuliza kwa nini zahanati yao imetengewa pesa za rangi mwaka wa pili mfululizo na haina mkunga. Afisa akapekua makaratasi muda mrefu, jasho likamtoka. Swali moja tu lile. Wewe ni mwalimu, hesabu unazijua, jedwali unaweza kulisoma. Ungekuwepo mngekuwa wawili.

Limebaki lile la kuapa. Kwa kuwa ulisema "wallahi", hicho ni kiapo kamili na si maneno ya kupita. Lakini Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuapa juu ya jambo kisha akaona jingine ni bora kuliko hilo, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kujisajili hakuvunji kiapo chako, uliapa kutopiga kura tu. Kitavunjika siku utakapotumbukiza karatasi, Jumanne ya pili ya Agosti 2027. Kafara ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i kila maskini anapewa kibaba cha chakula kinacholiwa mjini, kwetu ni mchele. Vibaba kumi, yaani pishi mbili na nusu, na unaweza kuutoa hata kabla ya siku yenyewe. Ukiwa kweli huna, utafunga siku tatu, ila kufunga ni mpaka kiapo kiwe kimeshavunjika, usitangulize.

Na mchele huo usiutoe kwenye mtaji wa mama.

Wallahu a'lam.