Mwenzangu wa chumba ananifuatilia: ni hofu ya tamthilia tu?

Dada, umeniandikia kuhusu vituko vya mwenzako wa chumba, ukauliza kama hofu yako imetokana na tamthilia tu. Hapana, si tamthilia. Yeye kuvaa nguo zako bila kuomba ni kero tu, ningelipuuza. Lakini kusoma jumbe zako usiku na kumfukuza rafiki yako mlangoni, hapo pana hatari: anakutenga na watu.

Badili nywila zako kwa kutumia simu ambayo hajawahi kuishika. Andika kila tukio na tarehe yake, nakala mpe ndugu unayemwamini. Usimtangazie kwamba unahama. Wa namna hii huchachamaa wakihisi wanaachwa. Hama akiwa hayupo, ukiwa na wenzako. Akitishia kukudhuru, nenda polisi siku hiyo hiyo. Akitishia kujidhuru, waite jamaa zake wampeleke hospitali. Kumtibu si kazi yako.