Spana ya torki kwa skrubu za bunduki na darubini: kwa fundi anayeanza

Torki ni nguvu ya kuzungusha, hupimwa kwa nyutoni mita. Spana ya torki ya gereji, ile ya kufungia nati za magurudumu, haina kazi kwenye meza ya bunduki. Kipimo chake huanzia kwenye nyutoni mita 40 hivi, wakati skrubu za pete za darubini zinataka 2 tu. Hata ile ndogo ya 5 hadi 25 haifiki chini kiasi hicho. Unachohitaji ni chombo chenye umbo la bisibisi au mpini wa T, kinachoanzia 1 na kuishia 7 au 8.

Kabla ya kuuliza bei, zijue namba zenyewe. Skrubu za juu za pete, zile zinazobana bomba la darubini, kwa kawaida ni nyutoni mita 1.7 hadi 2. Skrubu za besi, kipande kinachofungwa juu ya bunduki kubeba pete, za saizi ya 6-48, zenye unene wa milimita 3.5, ni 2.3 hivi, zile nene kidogo za 8-40 hufika karibu na 3. Nati inayobana pete za chuma kwenye reli inaweza kufika 7.3. Skrubu za kufunga mwili wa bunduki kwenye kitako cha mbao ni 4 hadi 5, na kitako chenye nguzo za alumini ndani huweza kupokea 7. Namba za kitabu cha mtengenezaji ndizo za kufuata ukifika kazini. Hizi ni za kukuongoza dukani.

Dukani watakuonyesha chombo cha 2 hadi 10 wakisema kinatosha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huhesabu usahihi wa spana za kupangwa, yaani unazoziwekea namba mwenyewe, kuanzia asilimia 20 ya kipimo chake cha juu. Chini ya hapo hakuna anayekuhakikishia lolote. Kwa hiyo chombo cha 10 huanza kuaminika kwenye 2, na pete zako ziko pale pale mpakani au chini yake. Cha 7 huanza kuaminika kwenye 1.4. Kiwango hicho hicho kinaruhusu kosa la asilimia 6 kwa vyombo vya 10 kushuka chini, basi usihangaike na muuzaji anayenadi desimali tatu.

Kuna na suala la vizio. Maelekezo mengi ya darubini ni ya Kimarekani, yameandikwa kwa inchi-pauni. Gawa kwa 8.85 upate nyutoni mita. Anayesoma 18 ya inchi-pauni na kuikaza kama nyutoni mita 18 amezidisha karibu mara tisa: skrubu ndogo itakatika kichwa, na mguu wake ubaki ndani ya chuma ukisubiri kutobolewa. Chombo kinachoishia 7 hakikupi nafasi ya kukosea kiasi hicho.

Kwa aina, chukua inayoteleza ikifika namba yake. Ile inayolia "tik" ni nzuri kwa mkono uliozoea, lakini mlio wa nyutoni mita 2 ni mdogo, karakana ikiwa na kelele utaupita bila kujua. Ya kidijitali hupiga kengele, ila haizuii mkono, na betri huisha siku ya kazi. Kwa anayefanya kazi porini, vidhibiti vya namba moja moja visivyopangwa, mathalani 15, 25 na 65 za inchi-pauni, hukaa mfukoni na havina springi ya kusahau kulegeza. Biti nunua za chuma kigumu. Pete nyingi za kisasa zinataka Torx T15, biti yenye ncha ya nyota, na biti iliyolika huharibu kichwa cha skrubu hata torki ikiwa sahihi.

Kama huna maabara ya kupimia karibu, maji yanatosha. Bana mpini wa chombo kwenye jiliwa, kikiwa kimelala. Chomeka kwenye biti ubapa wa chuma uliotobolewa katikati kabisa, ili pande zake mbili zilingane uzito. Weka chombo kwenye 2. Ukiwa umesimama nyuma ya mpini, ning'iniza chupa upande wa kushoto, sentimita 20 kutoka katikati, kisha ongeza maji polepole. Chupa na maji yake vikiwa na uzito wa kati ya gramu 960 na 1,080, chombo kiteleze. Kikiteleza kwenye 800 au kikashikilia hadi 1,300, kirudishe kilikotoka. Ukining'iniza upande wa kulia unapima ufunguaji, siyo ukazaji.

Kwenye kazi yenyewe, hakikisha kwanza chemba ni tupu na magazini imetoka. Safisha uzi wa skrubu kwa spiriti. Namba za kitabu kwa kawaida ni za uzi mkavu: mafuta au Loctite ya bluu, gundi ya kuzuia skrubu kulegea, hupunguza msuguano, na torki ile ile sasa inabana zaidi. Watengenezaji wengi wa pete hawataki gundi kabisa kwenye skrubu za juu. Kaza kwa mshazari, mzunguko wa kwanza 1, wa pili 1.5, wa mwisho namba kamili, ukiangalia nafasi kati ya vipande viwili vya pete ilingane pande zote. Geuza mpini taratibu, ukiteleza mara moja basi. Kuurudia "kwa uhakika" kunaongeza tu.

Pete iliyozidishwa hujisema yenyewe. Gurudumu la kukuza picha huwa zito, marekebisho ya shabaha huruka au hukwama, na ukifungua unakuta bomba lina bonde. Iliyolegea huacha mikwaruzo mifupi ya kuteleza mbele na nyuma ya pete, na risasi hutawanyika bila mpango.

Kwa bunduki zenye teke zito, kama za kaliba ya .375 H&H, wengi huongeza torki. Huko ndiko darubini huharibikia. Tumia pete pana zaidi, au besi ya skrubu za 8-40 badala ya 6-48, na namba ya bomba ibaki pale pale.

Ukimaliza, rudisha kipimo kwenye namba yake ya chini kabisa bila kuishuka, na kwa kufungulia skrubu tumia bisibisi ya kawaida.