Diski ikigoma kuandikwa, nakili kwanza: maswali na majibu

Barua za wiki hizi zina dalili moja. Diski ya nje iliyokuwa nzima jana leo inafunguka, mafaili yote yanaonekana, ila ukitaka kuongeza kitu au kufuta kitu inakataa. Kusoma ruksa, kuandika marufuku. Dalili ni moja lakini magonjwa ni mengi, na dawa ya ugonjwa mmoja huua mgonjwa wa mwingine. Ndiyo maana nimechagua maswali yanayotofautiana.

Diski yangu ya TB 1 ina kumbukumbu za shule za miaka sita. Tangu juzi haipokei kitu. Niifomati? (Mwalimu, Iringa)

Usifomati, Mwalimu. Usiguse kabisa neno hilo mpaka mafaili yawe mahali pengine na wewe mwenyewe umeyafungua huko ukayaona. Diski inayokubali kusomwa bado imekuachia mlango wazi, na wengi wenu mnaufunga kwa mikono yenu halafu mnaniandikia niwafungulie. Kunakili hakuandiki chochote kwenye diski ya zamani, kwa hiyo kinga hiyo dhidi ya kuandikwa haikuzuii. Lakini nakili, usikate. Ukikata na kubandika, kompyuta itataka kufuta kule ilikotoa, na hapo itagoma.

Anza na vile usivyoweza kuvipata tena: alama za wanafunzi, barua, picha. Filamu ziwe za mwisho.

Ukishamaliza ndipo utafute mchawi. Badilisha kebo, kisha chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha USB. Diski ndogo za kubebeka hazina umeme wake, zinategemea wa kompyuta. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na kigawanyio kisicho na chaja yake kinagawa kiasi hichohicho kwa kila ulichochomeka. Umeme ukipungua katikati ya kuandika, diski inajizima na mfumo wa mafaili, yaani mpangilio unaoonyesha kila faili liko wapi, unabaki nusu umeandikwa, nusu bado.

Kisha fanya jaribio la kubadilishana: diski yako kwenye kompyuta nyingine, na diski nyingine kwenye kompyuta yako. Ikiwa kila diski inagomea kwako, mgonjwa ni kompyuta. Ikiwa hii inagoma kila inakokwenda, mgonjwa ni diski. Ni kazi ya dakika tano, na barua nyingi mnazoniandikia zisingehitajika kama mngeifanya. Mgonjwa akiwa diski, na mafaili yako salama, endesha chkdsk E: /f kwenye dirisha la amri la Windows, ukiweka herufi ya diski yako mahali pa E. Hiyo inatengeneza mfumo wa mafaili. Haitengenezi chuma kilichochakaa.

Nikifungua sifa za folda naona kisanduku cha "kusoma tu" kimejazwa. Nakiondoa, kinarudi. Ndicho kinachozuia? (Mwanza)

Hapana. Kwenye folda kisanduku hicho hakizuii kitu. Kinahusu mafaili yaliyomo ndani, na Windows hukionyesha kimejazwa hata kwenye folda zilizo nzima. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno, tafadhali liacheni.

Diski inakubali nyumbani, ofisini inasoma tu. (Mhasibu, Dodoma)

Ofisi imezuia kuandika kwenye diski za nje. Windows inamruhusu msimamizi wa mtandao kufanya hivyo, au kuruhusu tu diski zilizofungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kusimba data. Diski yako haina kosa. Muulize msimamizi, na usitafute njia ya kukwepa kizuizi hicho, kwa sababu kipo ili mishahara ya watu isitembee mitaani kwenye mifuko ya suruali.

Nimehamia kwenye MacBook. Picha za harusi kwenye diski naziona zote lakini siwezi kuongeza hata moja. Muuzaji anasema diski imekufa, ninunue nyingine. (Mpiga picha, Arusha)

Diski ni nzima, dada. Usinunue nyingine kwa sababu hiyo, ingawa utaona chini kwamba ninataka uwe nazo mbili kwa sababu tofauti kabisa.

Diski yako imepangwa kwa mfumo wa NTFS, ambao ni wa Windows. Mac inausoma NTFS lakini haiandiki ndani yake, na ndivyo ilivyo kwa Mac zote zinapotoka kiwandani. Una njia mbili. Ya kwanza ni kulipia programu ya kuiwezesha Mac kuandika. Paragon na Tuxera wanaziuza. Ya pili ni kuipanga diski upya kwa exFAT, ambayo Windows na Mac zote huisoma na kuiandika. FAT32 achana nayo, maana haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video ya harusi hufika hapo kabla bibi harusi hajakata keki.

Kupanga upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo picha zitoke kwanza. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. NTFS huweka daftari la mabadiliko, hivyo ukichomoa kebo vibaya ina pa kuanzia kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Mtu anayechomoa diski ya exFAT wakati taa bado inamemeta anacheza na picha za watu waliomwamini, na harusi hairudiwi. Toa diski kwa utaratibu kila mara, yaani iamuru kompyuta iitoe kabla hujachomoa. Nafahamu kwamba Windows 10 tangu toleo la 1809 imewekwa kwa hali ya kuchomoa haraka. Hali hiyo inapunguza hatari, haikupi kibali cha kuchomoa faili likiwa njiani.

Ikitokea siku moja Mac ikakwambia imeshindwa kurekebisha diski, kwamba unaweza kufungua na kunakili mafaili lakini huwezi kuhifadhi mabadiliko, soma ujumbe huo mpaka mwisho. Unakutaka utoe nakala na kufomati mapema iwezekanavyo, kwa mpangilio huo. Watu wanasoma neno la kufomati tu.

Kompyuta yangu ina Windows na Ubuntu. Nikiingia Ubuntu, diski ya nje ni ya kusoma tu. Nikirudi Windows iko sawa. (Mwanafunzi, Nairobi)

Windows haikuzimika ulipodhani umeizima. Tangu Windows 8 kuna uwashaji wa haraka: ukibonyeza kuzima, sehemu ya mfumo inalala badala ya kufa, na diski zilizokuwa zimechomekwa zinabaki na alama ya kwamba bado zinatumika. Linux, ambayo Ubuntu ni aina yake, inaiona alama hiyo na inakataa kuandika, na inafanya vyema, kwa sababu mifumo miwili ikiandika diski moja bila kujuana mafaili yataliwa.

Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza kuzima, au zima kabisa uwashaji wa haraka kwa kuandika powercfg /h off kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha toa diski kwa utaratibu ukiwa bado Windows. Wale wanaokuelekeza ntfsfix, amri ya Linux, wanakuonyesha njia ya mkato: inarekebisha machache na inaweza kuiondoa alama, ukaguzi wenyewe unabaki kuwa kazi ya chkdsk ndani ya Windows.

Video moja inaonyesha amri za diskpart za kuondoa kinga. Nizifuate? (Fundi anayeanza, Morogoro)

Amri moja ndani yake ni halali. Nyingine itakufukuzisha kazi.

Halali ni hii: unafungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski, unaandika list disk, unachagua diski kwa namba yake, kisha attributes disk clear readonly. Inaondoa alama ya kusoma tu iliyowekwa kwenye diski, kama ndiyo tatizo. Nyingine ni clean, ambayo hizo video huiweka mstari unaofuata kana kwamba ni sehemu ya dawa. Clean inafuta ramani yote ya diski bila kukuuliza mara ya pili. Ukikosea namba ukachagua diski 1 badala ya 2, umefuta ya mteja mwingine. Linganisha ukubwa wa diski kwenye orodha na ule ulioandikwa kwenye ganda lake kabla ya kubonyeza chochote.

Jaribio la kubadilishana likionyesha kwamba kosa ni la kompyuta, tazama kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), sehemu ya StorageDevicePolicies ndani ya Control, kama kuna WriteProtect yenye thamani 1. Ibadilishe iwe 0 na uwashe upya. Ikiwa sehemu hiyo haipo, tatizo lako haliko huko, wala usiiunde.

Nilishika kazi hii nikiwa kijana, na diski ya kwanza niliyoipoteza ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa na picha za mwisho za mumewe. Ilikuwa inasomeka vizuri aliponiletea. Alitaka tu iandike tena, nami nilianza na dawa kabla ya nakala. Tangu siku hiyo sigusi diski ya mtu kabla ya kumwambia anunue nyingine ya kunakilia, na asiyetaka namrudishia ilivyokuja. Anza hivyo wewe pia.

Flashi ya GB 64 imekuwa ya kusoma tu. Nimejaribu kila kitu. (Tanga)

Imeisha. Chembe za kumbukumbu za akiba zikimalizika, kidhibiti cha flashi hufunga uandishi ili usipoteze kilichomo, na baadhi ya diski za SSD hufanya hivyohivyo. Hakuna programu inayorudisha. Nakili, nunua nyingine, na hizo "TB 2" zinazouzwa barabarani kwa bei ya chakula cha mchana ziache hapo zilipo: zinajitangaza kuwa kubwa kuliko zilivyo, zikijaa zinaandika juu ya mafaili yako ya zamani. Programu ya H2testw itakuonyesha ukweli wake.

Kadi ya kamera inasema imefungwa. (Moshi)

Kuna kiswichi ubavuni mwa kadi. Kisukume juu.

Diski ilianza kwa kusoma tu, sasa inatoa mlio wa tik-tik. Nimeiwekea chkdsk /r tangu jana usiku, imefika asilimia 11. Ndani kuna tasnifu yangu yote na mahojiano niliyorekodi kwa miaka miwili. (Mwanafunzi wa uzamili, Zanzibar)

Isimamishe sasa hivi. Soma mengine ukishachomoa.

Mlio huo ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake na kuikosa. Kila dakika diski inapozunguka katika hali hiyo kinaweza kugusa sahani na kukwangua data. Chkdsk /r inapita diski nzima ikisoma kila kipande na kurudia vilivyokataa, yaani inamkimbiza mgonjwa wa moyo kupanda mlima. Tena lengo lake ni kuupata mfumo wa mafaili ulio sawa, hata kwa kukata vipande vya mafaili yako.

Diski isiyolia hutendewa hivi: unafungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, na kutazama mstari wa 05, ambayo ni sehemu mbovu zilizokwisha hamishwa, na C5, sehemu zinazosubiri kuhukumiwa. C5 ikiwa juu ya sifuri, unanakili diski nzima kwa ddrescue kutoka Linux, ambayo inachukua kwanza maeneo mazima na kurudi kwenye mabovu baadaye, ikiandika kumbukumbu ya ilipofika. Kuchimba mafaili kunafanyika kwenye nakala hiyo, siyo kwenye diski. (C7, makosa ya mawasiliano, ikipanda, angalia kebo kwanza.)

Yako inalia. Hata ddrescue siishauri. Inahitaji watu wenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilisha, na bei yake ni kubwa. Usikubali mtu aifungue mezani dukani. Usikubali abadilishe bodi tu, kwa sababu diski nyingi za kubebeka zina USB iliyojengwa kwenye bodi yenyewe, nyingine husimba data humohumo, na bodi ngeni haiwezi kuisoma. Usiiweke kwenye friji. Unyevu utakaoganda juu ya sahani utamaliza kazi. Ifunge kwa kitambaa, iweke pakavu, isitikiswe.

Wakati unatafuta fedha, tafuta pia vipande: sura ulizomtumia msimamizi wako kwa barua pepe, rekodi zilizobaki kwenye simu au kinasa sauti. Kinasa hicho usikitumie kurekodi kitu kingine mpaka kiangaliwe.

Nina nakala ya kila kitu, ipo kwenye folda nyingine ya diski hiyohiyo. Inatosha? (Kigoma)

Huna nakala.

Nimefanikiwa kutoa mafaili yote. Diski bado inagoma kuandikwa. Naweza kuiuza, au nimwachie fundi vipuri? (Mombasa)

Fikiria kilichomo, kaka. Diski isiyokubali kuandikwa haikubali kufutwa pia. Vitambulisho, taarifa za benki, picha za watoto, vyote vinabaki vikisomeka kwa yeyote atakayeichomeka. Ikiwa kinga inaondoka kwa amri niliyoitaja juu, fanya fomati kamili, siyo ya haraka. Kuanzia Windows Vista fomati kamili huandika sifuri diski nzima. Kisha itazame tena kwenye CrystalDiskInfo. 05 na C5 zikibaki sifuri, itafaa kwa filamu, na mwambie mnunuzi iliwahi kugoma.

Ikiwa kinga haiondoki, usiiuze wala usiiache kwa mtu. Fungua ganda, itoboe kwa drili mahali pa sahani, si mara moja, ukiwa umevaa miwani ya kinga kwa sababu sahani nyingine ni za kioo.