Mdogo wangu, anza chini: namna ya kuyasoma maghorofa marefu ya Ulaya

Juzi nimepokea ujumbe wa mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa tatu, yuko Dar es Salaam. "Shikamoo dada. Tumepewa kazi ya kuchambua maghorofa marefu ya Ulaya. Nimeweka kumi, kila moja na urefu wake, mwaka wake, msanifu wake na picha. Mwalimu kanirudishia, kaandika kwa wino mwekundu kwamba hakuna uchambuzi. Nimekwama kabisa. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa ufupi siku ileile, lakini jibu kamili nimeamua kuliweka hapa. Ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara, na naamini wengi mnaonisoma mnakitaka kile ninachokitaka mimi: siku moja jina lako liwe kwenye michoro ya jengo refu, na watu wa kwenu wakipita hapo waoneshane kwa kidole.

Orodha yako tuimalize haraka. La kwanza ni Lakhta Center la St Petersburg, mita 462, ghorofa 87. Linafuatwa na Federation Tower la Moscow, mita 374, kisha OKO, Neva Towers na Mercury City, yote ya Moscow. Yaani matano ya juu yote yako Urusi. Baada ya hapo ndipo linakuja Varso Tower la Warsaw na The Shard la London, ambayo yanapishana kwa sentimita tu.

Sasa tazama jinsi urefu peke yake usivyokufikisha popote. Varso Tower, kazi ya ofisi ya Foster + Partners, linahesabiwa mita 310, lakini paa lake liko kwenye mita 230. Mita 80 zilizobaki ni mlingoti. Katika mji huohuo kuna Kasri la Utamaduni na Sayansi la mwaka 1955, ambalo ncha yake ina mita 237, juu kuliko paa la Varso. Au chukua Commerzbank Tower la Frankfurt, mita 259. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, The Shard lilitoka nayo, na Commerzbank likarudi kuwa jengo refu kuliko yote ndani ya Umoja bila kuongezewa hata kipande cha kioo. Likashika nafasi hiyo mpaka Varso lilipofikisha ncha yake mwaka 2021. Cheo kinachoweza kubadilishwa na kura ya wananchi hakikufundishi usanifu.

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia: anza chini.

Niwaambie nilikoutoa. Nilipomaliza masomo hapa London nilianza kutafuta kazi, na kuna ofisi moja, sitaitaja, iliniita kwenye usaili. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa vizuri, nilibeba michoro yangu niliyoichapisha kwa pesa ya kula. Mzee aliyenihoji aliifungua kurasa chache tu, akafika kwenye mchoro wa jengo refu nililolibuni, akaufunga mkoba. Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa: huko unakotoka hakuna majengo ya aina hii, sasa wewe utakuwa umejifunzia wapi? Nilimshukuru, nikaondoka. Nililia kwenye basi.

Nimesamehe, lakini sijasahau, na nikiandika haya bado kifua kinabana. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu kazi yangu. Hakutaka kujua nguzo zangu zinasimama wapi wala watu wanatokaje moto ukiwaka. Aliangalia nilikozaliwa, akamaliza.

Kipindi kile nilikuwa nafanya vibarua vya usafi karibu na kituo cha London Bridge. Nikitoka jioni nilikuwa nasimama chini ya The Shard na daftari. Sikuwa na pesa ya tiketi ya kupanda juu, kwa hiyo nililisoma kwa chini, na hilo ndilo lililonitengeneza.

Chini unaona kwamba jengo lile limejengwa bega kwa bega na kituo cha treni. Maelfu ya watu wanafika kwa treni na basi, na ndiyo maana jengo la ukubwa ule lina nafasi za kuegesha magari zisizozidi 50. Wa ofisini wana mlango wao, wageni wa hoteli wana wao, watalii wana wao, na hawagombani. Ukiinua macho kutoka hapo, umbo lake linaanza kujieleza. Renzo Piano, Mtaliano aliyelibuni, alitazama minara ya makanisa ya London na milingoti ya meli za zamani kwenye mto Thames, lakini mchongoko ule hauishii kwenye sura. Ofisi zinahitaji sakafu pana, zikawekwa chini. Migahawa iko ghorofa ya 31 hadi 33, hoteli 34 hadi 52, nyumba za kuishi 53 hadi 65, na juu yake sehemu ya kutazama mji. Chumba cha hoteli hakitaki kuwa mbali na dirisha, nyumba ndiyo kabisa, kwa hiyo jengo linapungua kadiri mahitaji yanavyopungua.

Endelea kuuliza, kila jibu linazaa swali. Kwa nini ghorofa za ofisi ni za chuma, halafu kuanzia ghorofa ya 41 hivi wakahamia kwenye zege? Kwa sababu sakafu ya zege ni nyembamba kuliko mihimili ya chuma na mabomba yake, kwa hiyo unapata ghorofa zaidi ndani ya urefu uleule. Na uzito wa zege kule juu unatuliza mtikisiko wa upepo, maana mtu akiwa kazini anavumilia jengo kuyumba kidogo, lakini akiwa kitandani hakubali. Kileleni wakarudi kwenye chuma. Tena, wakati wa ujenzi, kiini cha zege chenye lifti na ngazi kilikuwa kinapanda huku chini yake bado wanachimba ghorofa za ardhini. Nilipoelewa hilo sikulala. Nilichora mkato wake, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa kutoka juu hadi chini, mpaka alfajiri.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukichukua Lakhta Center, usianze na mita 462. Anza chini. Jengo liko ufukweni, Ghuba ya Finland, na udongo wa juu pale ni laini. Walichimbia nguzo 264, kila moja na kipenyo cha mita 2, mpaka kina cha mita 82. Juu yake, mwaka 2015, wakamwaga zege kwa saa 49 mfululizo, mita za ujazo 19,624, ikaingia kwenye rekodi za Guinness. Kisha uliza: kwa nini jengo liko nje ya mji kule, badala ya katikati? Mpango wa kwanza ulikuwa kulijenga karibu na kanisa la Smolny. Wenyeji walipinga kwa nguvu, kwa kuwa St Petersburg ya kale ni mji wa majengo ya chini na minara michache, na mwaka 2010 mradi ukahamishwa. Ule msokoto wa nyuzi 90 kutoka chini hadi juu, ambao kila mtu anaupiga picha, uuchambue mwishoni.

London nayo ina sheria zake. Tangu miaka ya 1930 mji unalinda mwonekano wa kanisa la St Paul's. Ndiyo maana Leadenhall Building, mita 225, la ofisi ya Richard Rogers, limelala upande mmoja kama kipande cha jibini kilichokatwa. Limerudi nyuma ili mtu aliyesimama Fleet Street aendelee kuliona kuba la kanisa. Lifti zake, ambazo kwa kawaida zingekaa katikati, zimehamishiwa upande wa kaskazini, na chini wameacha ukumbi wazi ambao mpita njia yeyote anakatiza. Ukiona umbo la ajabu Ulaya, tafuta kwanza nani alikataa nini.

Jengo ninalolipenda kuliko yote ni Commerzbank Tower. Nimeshalifuata Frankfurt, na kwa kuwa kuingia ndani siyo rahisi, nilipanda Main Tower, jengo jirani lenye baraza la kutazamia kwenye mita 200, nikalitazama kutoka pale mpaka walinzi wakaanza kuniangalia. Norman Foster na wenzake walilimaliza mwaka 1997. Katikati, mahali ambapo majengo mengine yanajaza lifti, hapa ni wazi kutoka chini hadi juu. Jengo lina pembe tatu, na lifti, ngazi na vyoo vimesukumwa kwenye pembe hizo, pamoja na nguzo kubwa. Kisha kuna bustani tisa, kila moja na kimo cha ghorofa nne, zimezungushwa pande zote tatu. Hewa na mwanga vinapita kwenye bustani, vinaingia katikati, vinamfikia hata mfanyakazi aliyekaa upande wa ndani. Na madirisha yanafunguka! Katika jengo la mita 259, karani anafungua dirisha lake.

Hapa naomba nisikilizwe, hasa na ninyi mnaochora kwa ajili ya Dar, Mombasa na Kampala. Tunaiga majengo ya Ulaya kwa picha, na picha inaonesha kioo. Tunafunga jengo zima kwa kioo, kisha tunanunua viyoyozi vya kupigana na jua tulilolikaribisha wenyewe. Hata London, ambako jua ni la kubahatisha, kioo kiliwasumbua. Mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street, la Rafael Viñoly, uso wake wa kusini uliobonyea kwa ndani ulikusanya miale na kuimwaga barabarani, ikayeyusha vipande vya gari aina ya Jaguar lililoegeshwa pale. Ikabidi mwaka 2014 waweke vikinga jua. Kama hilo limetokea London, sisi wa karibu na ikweta tunajenga kwa kujiamini gani?

Mwezi uliopita, kwenye ofisi ninayofanyia kazi sasa, nimekabidhiwa kusimamia sehemu yote ya chini ya jengo jipya: milango, ukumbi, mahali linapokutana na barabara. Nasema kwa fahari, na sioni aibu. Bosi wangu alisema amenichagua kwa sababu mimi ndiye ninayeuliza maswali ya chini. Wasichana mnaosoma haya, mtu akikuambia kwenu hakuna cha kujifunzia, usipoteze siku kumjibu. Chukua daftari. Anza chini. Uliza udongo, uliza sheria, uliza jua, uliza watu wanaingiaje na wanatokaje.

Na huhitaji nauli ya Ulaya. Nairobi kuna KICC, jumba la mikutano ya kimataifa lililokamilika mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, na kivuli chake kimefikiriwa vizuri kuliko majengo mengi ya vioo yaliyokuja baadaye. Dar nenda Posta, chagua ghorofa moja, omba ruhusa getini. Hesabu lifti, pima upana wa ngazi, angalia ngazi za dharura zinatokea wapi na kama mlango wake umefungwa kwa kufuli. Chora mkato kuanzia msingi kwenda juu, kisha chora wa Commerzbank Tower kwa kipimo hichohicho, iweke karatasi moja, na umpelekee mwalimu wako hiyo.